Moshi wa Karatasi ya Zawadi

Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kufunga zawadi za watu wengine. Alikaa nyuma ya meza ndefu katika duka la vyombo na mapambo. Meza ilikuwa karibu na mlango, mahali ambapo vumbi huingia bila kubisha hodi. Mbele yake palikuwa na mkasi, selotepu, na karatasi za kung'aa: nyekundu, kijani, buluu na za rangi ya dhahabu. Sikukuu za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekaribia. Foleni ya wateja ilifika hadi barabarani.

Siku hiyo alikuja mwanamume mmoja amebeba sufuria yenye mpini mrefu.

"Dada, nifungie vizuri," alisema. "Ila mke wangu asijue kama ni sufuria."

Mama Chiriku aliigeuza sufuria huku na huku.

"Kaka yangu, hii hata niifunge mara mia, mpini utatoa siri."

Foleni nzima ilicheka. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kukata karatasi. Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Mwaka uliopita alianguka kutoka juu ya paa akafariki. Tangu hapo mkewe alikuwa hacheki sana. Watu walimwona akifunga furaha mchana kutwa, wakadhani na yeye amejiwekea yake nyumbani. Hakuwa nayo. Alikuwa na kazi ya msimu, mkwe mwenye huzuni, na mtoto mwenye pumu.

Jioni, duka lilipofungwa, sakafu ilikuwa imejaa vipande vya karatasi. Mama Chiriku alivifagia, akavitia kwenye gunia.

"Beba, dada," mwenye duka alisema. "Usiniachie takataka hapa."

Mama Chiriku aliona ni bahati, kama msimu wa mwaka uliopita. Kuwasha mkaa wakati wa mvua si mchezo. Vijiti vikilowa havishiki moto hata ukivipulizia mpaka mashavu yaume. Karatasi hizi zilishika mara moja, tena zilikuwa za bure. Wahenga walisema rahisi ghali. Lakini mtu akipewa cha bure, humkumbuka mhenga gani?

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na jiko dogo lenye dirisha moja. Katika chumba kimoja alilala Mama Chiriku na bintiye. Katika chumba cha pili alilala Bibi, mama mzazi wa marehemu. Bibi alijaliwa mtoto mmoja tu maishani mwake, na huyo ndiye aliyemzika. Tangu siku ya mazishi alikaa kwenye kigoda chake bila kusema mengi. Kilichomwinua kitini ni mjukuu wake tu.

Mjukuu mwenyewe alikuwa darasa la pili. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na pumu tangu alipokuwa mdogo. Dawa yake ya kuvuta iliwekwa juu ya kabati, karibu na mlango, ili isitafutwe.

"Chiriku!" Bibi aliita jioni hiyo kutoka jikoni. "Njoo uone moto wa sikukuu!"

Mtoto alikuja mbio. Bibi alitumbukiza jikoni konzi ya karatasi. Ziliungua kwa ndimi za kijani na buluu. Chiriku alichuchumaa karibu kabisa.

"Bibi, wa kijani ni wangu!"

"Na wa buluu ni wangu," Bibi alijibu, na kweli alicheka.

Mama Chiriku alisimama mlangoni akiwatazama. Moshi ulimchoma macho. Ulikuwa na harufu kali, kama ya bakuli la plastiki lililosahauliwa karibu na moto. Hakujali. Alikuwa hajamsikia mkwewe akicheka kwa muda mrefu, na hakutaka kuukatiza moto ule.

"Mama," Chiriku aliuliza, "na zawadi yangu utaifunga kwa karatasi ya dhahabu?"

"Kwa ya dhahabu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Umeniona nikidanganya lini?"

Mvua ilizidi wiki hiyo. Jiko liliwashwa ndani, na dirisha lilifungwa ili maji yasiingie. Kila jioni Bibi aliita, na kila jioni mtoto alikwenda kuchuchumaa mbele ya moto wa rangi. Alianza kukohoa. Walisema ni baridi.

Kisha jioni moja Chiriku alianza sentensi na hakuimaliza.

"Mama, leo mwalimu..." alisema, akanyamaza. Kifua chake kilipiga filimbi. Mabega yalipanda na kushuka. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

Mama Chiriku aliruka, akachukua dawa juu ya kabati. Mtoto alivuta. Alivuta tena. Filimbi haikukoma. Mama hakusubiri mwavuli wala viatu. Alimbeba mwanawe mgongoni akatoka mbio kwenye mvua, na Bibi nyuma yake akijikokota na magoti yake mabovu.

Kwenye zahanati, muuguzi alimvisha Chiriku kinyago cha hewa na dawa. Mama alimshika mkono. Kila mtoto alipovuta pumzi, naye alivuta, kana kwamba angeweza kumsaidia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi hakuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje, ameshika tama, maji yakimchuruzika kwenye nguo.

Chiriku alilazwa. Kesho yake mchana aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa hai, lakini hakuwa na nguvu ya kusema. Nyumba ilikuwa kimya kama ya msiba.

"Hodi hapa!"

Aliyebisha alikuwa jirani yao, mhudumu wa afya ya jamii. Kila mtu alimwita Mama Mizani, kwa sababu hakutembea bila mizani yake ya kupimia watoto wachanga. Habari za Chiriku alikuwa amezipata zahanati.

"Karibu, Mama Mizani."

"Ahsante. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, nikuchemshie chai," Bibi alisema, akaenda jikoni.

Mama Mizani alimtazama mtoto, akasikiliza kifua chake, akauliza kuhusu dawa.

"Hebu niambie," alisema. "Mwaka jana pia si alilazwa majira kama haya?"

"Ndiyo. Tulisema ni baridi ya mwisho wa mwaka."

"Katikati ya mwaka je?"

"Hakusumbuka sana."

"Na mwisho wa mwaka kuna nini hapa nyumbani ambacho miezi mingine hakipo?"

Mama Chiriku alifikiri. Alikuwa bado anafikiri, harufu kali ilipoingia kutoka jikoni. Chiriku alikohoa. Mama Mizani alisimama ghafla.

"Bibi! Unawashia nini?"

"Karatasi tu," Bibi alijibu. "Za dukani kwa mama yake."

Mama Mizani aliifungua milango na madirisha yote. Alimhamishia Chiriku barazani, mbali na moshi. Kisha aliomba kipande cha karatasi ya kung'aa na kipande cha gazeti. Alilifinyanga gazeti katika ngumi, akafungua kiganja. Gazeti lilibaki limekunjamana. Akaifinyanga karatasi ya kung'aa, akafungua kiganja. Ilijikunjua yenyewe, taratibu.

"Mmeona? Linalobaki limekunjamana ni karatasi. Hii inayojikunjua ni plastiki, au karatasi iliyovishwa plastiki. Ndiyo maana inang'aa. Ukiichoma, moshi wake una sumu."

"Lakini moto wake ni mzuri," Bibi alisema polepole. "Una rangi."

"Rangi hizo hutoka kwenye wino na vitu vingine walivyoipaka. Mtu mzima moshi huo humwasha koo. Mtoto mwenye pumu humbana kifua."

Bibi aliweka birika chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemletea ugonjwa?"

"Pumu alikuwa nayo, Bibi. Hukumpa wewe. Lakini moshi unaichokoza. Hata wa mkaa na wa kuni unaichokoza. Huu wa plastiki umezidi. Msichome plastiki yoyote, iwe ya kung'aa au mfuko wa sokoni."

Mama Chiriku alilikumbuka gunia la karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Gunia lile alilibeba yeye, kwa mkono wake, kila jioni. Alitaka kulia. Badala yake alimgeukia mkwewe.

"Mama, si nilikwambia mtoto asikae karibu na jiko! Na wewe ndiye unayemwita! Kila siku unamwita!"

Hakuwa amemwambia hata mara moja. Alijua hivyo, na Bibi alijua. Hofu ikizidi, mtu hutafuta mgongo wa mwenzake wa kuubebesha.

Bibi hakujitetea.

"Sawa, mwanangu," alisema. Alichukua kigoda chake akaingia chumbani, akarudishia mlango.

Tangu siku hiyo Bibi hakukanyaga jikoni. Alikula akiletewa, na mara nyingi sahani ilirudi na nusu ya chakula. Mama Chiriku alitaka kumwomba radhi. Kila alipofika mlangoni aligeuka.

Kazi nyingine alizifanya. Alilirudisha gunia dukani. Aliweka vijiti vikavu ndani, chini ya meza, ili visilowe. Mvua ilipokatika alipikia nje, chini ya upenu. Mvua iliponyesha alifungua dirisha na mlango wa jiko, na Chiriku alikaa chumba cha mbali. Mama Mizani alikuwa amemwonya pia asiingize jiko la mkaa mahali pa kulala hata siku moja, kwa kuwa hewa ya mkaa unaowaka huua watu wakiwa usingizini. Filimbi kifuani mwa mtoto ilipungua, kisha ikakoma.

Lakini sauti ya mtoto iliporudi, ilirudi na maswali.

"Mama, moto wa sikukuu uko wapi?"

"Umekwisha."

"Na karatasi yangu ya dhahabu?"

"Imekwisha pia. Sitaki kuiona humu ndani."

"Uliahidi!" Chiriku alipiga kelele. "Basi usinipe zawadi! Sitaki!"

Alilia kwa kwikwi, na kwikwi zikaleta kikohozi. Mama Chiriku alimkumbatia, akatega sikio kwenye kifua chake. Alikuwa anaogopa hata machozi ya mwanawe.

Mama Mizani alipokuja tena, alimkuta Chiriku bado ana huzuni, akaelezwa kisa cha karatasi ya dhahabu.

"Karatasi ile haina dhambi ikikaa dukani," Mama Mizani alisema. "Ubaya ni kuichoma. Ukipewa kitu kimefungwa nayo, fungua taratibu, ikunje, uitumie tena. Lakini zawadi haihitaji kununuliwa nguo mpya. Nyumba hii ina vifungio tele."

"Vipi tena? Mimi ninaona kuta tu."

"Mfuko wa unga uko wapi?"

Mfuko wa unga ulikuwa wa karatasi nene. Mama Mizani aliukung'uta, akaukata upande, akaugeuza ndani nje. Maandishi yalifichika, ikabaki karatasi safi ya kahawia. Alikata kiazi nusu, akachonga nyota kwenye upande uliokatwa. Alimwita Chiriku, akampa kisahani cha rangi ya maji.

"Chovya, gonga."

Chiriku alichovya kwa kununa. Akagonga. Nyota ilibaki kwenye karatasi. Akagonga ya pili, ya tatu, na kununa kukamtoka bila yeye kujua.

"Gazeti nalo hivyo hivyo," Mama Mizani aliendelea. "Kalenda ya mwaka unaokwisha, ile yenye picha, inafunga vizuri. Kopo la maziwa likioshwa na kukauka ni boksi. Badala ya utepe tumia kamba ya katani, uchomeke ua au jani bichi. Gundi ni unga na maji ya moto."

"Na kitambaa?" Mama Chiriku aliuliza. "Fundi wa cherehani jirani na duka hutupa mabaki mengi."

"Kitambaa ndicho bora kuliko vyote. Hakichaniki, hakitupwi, mwaka ujao kinatumika tena."

Zawadi ya Chiriku ilikuwa boksi la penseli za rangi, limefichwa chini ya godoro. Mama Mizani alimpeleka mtoto barazani kukausha nyota zake. Mama Chiriku alitoa boksi na kipande cha kitambaa alichowahi kuokota kwa fundi, akaanza kazi. Alikunja pembe kwa ustadi, kama alivyofanya dukani. Alibandika selotepu. Ikabanduka. Akabandika nyingine. Ikabanduka. Mikono iliyofunga zawadi za mji mzima ilishindwa na kitambaa kimoja.

"Nguo haibandikwi," sauti ilisema nyuma yake. "Nguo hufungwa."

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Alikuja polepole, akakaa.

"Ondoa ule uchafu," alisema, akionyesha selotepu. "Tandika nguo. Weka kitu katikati, kikae mshazari. Pembe hii ije juu. Na hii ya pili. Haya, sasa hizi mbili zilizobaki, zivute, uzifunge. Mara moja. Na mara ya pili. Hilo ni furushi. Mimi siku ya kuolewa sikuwa na sanduku. Nilikuja kwa mume wangu na furushi moja kichwani, na hakikuanguka kitu."

Mama Chiriku alifuata. Fundo lilishika.

"Hata sufuria yenye mpini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpini unakuwa mkia wa furushi. Nani atajua ni nini?"

Bibi alikitazama kile kitambaa cha fundi. Kilikuwa cha kijivu, kipande cha suruali. Alitikisa kichwa. Aliingia chumbani, akarudi na kitambaa chake cha kichwa, cha njano.

"Mtoto aliahidiwa dhahabu," alisema. "Dhahabu sina. Nina njano."

Alikifunga yeye mwenyewe. Kisha aliinuka akarudi chumbani. Kuhusu yale maneno ya siku ile, hakuna aliyegusa.

Dukani, Mama Chiriku alimwomba mwenye duka nafasi ndogo mezani.

"Wateja wanataka kung'aa," mwenye duka alisema.

"Wanaotaka kung'aa nitawafungia za kung'aa. Wanaotaka nguo nitawafungia kwa nguo. Mabaki anatoa fundi."

Mwenye duka alikunja uso, akakubali. Siku za kwanza wateja wengi walipita wakikodoa macho tu. Mwanamke mmoja alisema zawadi yake si mzigo wa sokoni. Mwingine alisimama, akashika fundo, akauliza linafungwaje. Kufika mkesha wa sikukuu, rundo la vitambaa lilikuwa limekwisha. Karatasi nayo Mama Chiriku alijifunza kuipima kabla ya kuikata, na vipande vikubwa alivitunza kwa zawadi ndogo. Chini ya meza palibaki takataka chache, na hakuzibeba nyumbani.

Asubuhi ya sikukuu aliamka akakuta moshi mwembamba wa vijiti vikavu nje, chini ya upenu. Bibi alikuwa ameketi mbele ya jiko, anachemsha chai. Mama Chiriku alisimama mlangoni. Kabla hajasema, Chiriku alimpita.

Mtoto alipewa furushi la njano. Alilipapasa, akalinusa, akahangaika na fundo. Hakuchana kitu. Lilipofunguka alipiga yowe, akakimbilia ndani na penseli zake. Kitambaa cha Bibi alikuwa amekwisha jifunga kichwani. Waliweza kumsikia akijisimulia hadithi ya kile alichokuwa anakichora, moja kwa moja, bila kukohoa. Msimu ule kifua hakikumbana tena.

Wanawake wawili walibaki nje. Bibi alimimina chai kwenye vikombe viwili.

"Nilimwita mimi," alisema bila kuinua macho. "Kila jioni nilimwita akae karibu na ule moto. Nilimzika baba yake. Siku ile kwenye benchi la zahanati nilijua nimemwua na mwanawe."

Mama Chiriku alipiga magoti chini, penye majivu, akamshika mkono.

"Zile karatasi nilizileta mimi, Mama. Na nilikusingizia. Sikuwahi kukwambia umwondoe. Niliwaona mnacheka, nikafurahi. Nisamehe, Mama."

Bibi alilia, na mkwewe alilia naye. Walilia kwa ajili ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, na kwa ajili ya mtoto aliyekuwa karibu kumfuata. Kisha Bibi alijifuta uso kwa upindo wa nguo, akamsogezea kikombe.

"Na wewe unisamehe, mwanangu," alisema. "Haya, kunywa. Chai inapoa."